Baba mkwe anataka Doctor Who ya 1966, nimeletewa katuni. Ndiyo yenyewe?

Mkwe_wa_Upanga:

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada kabla ya Jumapili.

Baba mkwe wangu alisoma Uingereza miaka ya 1960, na tukienda kumsalimia kwake Upanga chai haiishi hajaitaja Doctor Who, ule mfululizo wa televisheni wa BBC ambao steringi wake anaitwa Daktari, msafiri wa sayari na nyakati. Anachokisimulia sana ni ile Jumamosi mzee mwenye mvi alipoanguka chini ndani ya chombo chake, uso ukang'aa, akabaki pale mtu mwingine kabisa: mfupi, nywele nyeusi kama za wale vijana wa Beatles. Anasema bwenini kwao waligombana wiki nzima. Anataka kuiona tena hadithi iliyofuata, ya kwanza ya huyo mwigizaji mpya.

Nikamwagiza shemeji yangu aliyeko London, kaniletea diski ya The Power of the Daleks. Naiweka, KATUNI! Tena watu wenyewe wanatembea kama wana baridi yabisi. Nikimpelekea hii atasema mkwe kaenda kununua vya watoto.

Je, ndiyo yenyewe? Na kingine: mimi ni mtoto wa Temeke, sinema nimezijulia banda umiza, na kule tulikuwa na sheria moja tu, steringi hafi. Hawa waliwezaje kumwondoa steringi, wakaleta mwingine, na watu wakakubali?

Chizi_wa_Sayari:

Achana na mambo ya kale. Mwekee mzee The Church on Ruby Road ya Krismasi 2023. Ncuti Gatwa, mzaliwa wa Rwanda hapo jirani, ndiye Daktari humo, anacheza, anaimba, rangi zote zipo.

Dada_wa_Kinasa:

Chizi, mzee kaomba wali unampelekea keki.

Mkwe, mpelekee diski hiyo hiyo bila wasiwasi. Picha ni za kuchora, ila sauti unayoisikia ni ya mwaka 1966, ya waigizaji wenyewe. BBC walizifuta kanda zao nyingi kipindi hicho, kwa sababu kanda zilikuwa ghali na zilitumika upya, na hakuna aliyewaza kwamba kuna mtu atataka kuangalia tena. Sehemu zote sita za hadithi hii zikaenda na maji, vikabaki vipande vifupi tu. Kilichoiokoa ni mashabiki waliokuwa wanarekodi sauti kwa tepu majumbani. Zikabaki pia picha za mnato ambazo mpigapicha John Cura alizipiga moja kwa moja kwenye kioo cha televisheni. Kutokana na hizo ndipo wakachora, wakaitoa tarehe 5 Novemba 2016, miaka 50 kamili tangu sehemu ya kwanza irushwe.

Mimi kazi yangu ni kuhariri michezo ya redio, kwa hiyo nina upendeleo wangu na siuombei radhi. Nilipoipata mara ya kwanza nilizima picha nikaisikiliza gizani. Patrick Troughton, huyo mwigizaji mpya, anaigiza kwa pumzi. Unaulizwa swali, unangoja jibu, yeye anapuliza filimbi. Anaguna. Ananyamaza pale ambapo mtangulizi wake, William Hartnell, angekufokea.

Sasa swali lako la steringi, hapo ndipo penye utamu. Hartnell afya ilimwishia, mfululizo ulikuwa bado na watazamaji, wakaamua kwamba kwa kuwa huyu Daktari si mtu wa dunia hii, mwili wake unaweza kujifanya upya. Kulisema hilo ni rahisi. Angalia mwandishi David Whitaker alivyolitekeleza: HAKUKULAZIMISHA UAMINI. Mtu mpya anaamka, pete ya yule mzee inamvuka kidoleni. Anajitazama kwenye kioo anaona sura ya zamani. Akimtaja Daktari, anamtaja kama mtu mwingine! Wenzake wawili wanagawanyika, Polly anaelekea kukubali, Ben anagoma waziwazi. Yaani ugomvi wa bwenini kwa baba mkwe wako ulikuwa umeshaandikwa ndani ya hadithi, na kila mtazamaji alikuwa na wa kumsemea.

Halafu wanafika sayari ya Vulcan, koloni la watu kutoka duniani, lenye vinamasi vya zebaki. Mwanasayansi Lesterson amefungua chombo kilichozama humo miaka 200, ndani mna Dalek, wale maadui wakubwa wa Daktari, viumbe waliojifungia kwenye magamba ya chuma. Yeye hawajui ni nini, anaona mashine za kumsaidia kuzalisha umeme. Na ni nani anayethibitisha kwamba yule mgeni ndiye Daktari? Dalek! Linageuza lile jicho lake, linamwangalia, linamtambua. Marafiki bado wanabishana, adui ameshajua. Hapo mimi nilivua visikizio nikazunguka chumba.

Mwisho wa sehemu ya pili, Daktari anapiga kelele kuwaonya watu na Dalek linamzidi sauti, linarudia tu kwamba ni mtumishi wao, ni mtumishi wao. Kwenye picha ni mashine imesimama. Kwenye sauti nywele zinasimama.

Kiti_cha_Mbele:

Dada umeeleza vizuri, lakini mtu asiyejua kitu kama Mkwe umchoshe kwa sehemu sita za kuchora? Kwa kuanzia hakuna kama Spearhead from Space, Januari 1970, Jon Pertwee akiwa Daktari aliyemfuata Troughton. Sehemu nne, zote zipo, na ndiyo ya kwanza kwa rangi. Studio zilikuwa na mgomo wa wafanyakazi, wakalazimika kuipiga yote nje kwa filamu, ndiyo maana mpaka leo inaonekana safi. Masanamu ya madukani yanavunja vioo na kuua watu barabarani. Tangu niione, nikipita Mtaa wa Kongo jioni maduka yakifungwa, yale masanamu ya nguo siyaangalii usoni.

Dada_wa_Kinasa:

Nakubali ni nzuri, na Robert Holmes alijua kuandika. Ila Pertwee sehemu ya kwanza karibu yote yuko kitanda cha hospitali anadai viatu vyake. Kufikia hapo watazamaji walishazoea kwamba sura hubadilika. Troughton alikuta hakuna njia, akaikata. Na si kila aliyefuata aliweza kuipita: mwaka 1984 walimleta Colin Baker kwa The Twin Dilemma, akamkaba koo msaidizi wake, msimu ukaisha hapo, watu wakakaa na picha hiyo hadi Januari iliyofuata. Mashaka yanavutia kama kuna kitu cha kumpendea mtu wakati unamshuku.

Mkwe_wa_Upanga:

Dada Mungu akubariki. Nimezima picha kama ulivyosema nikasikiliza dakika kumi, mke wangu akauliza mbona nimekaa gizani na diski inaongea. Lakini mzee masikio yamepungua, sauti peke yake hatapata kitu. Hakuna ya Troughton yenye watu wa kuonekana?

Dada_wa_Kinasa:

Ipo. Mtafutie The Enemy of the World, sehemu zote sita. Nyingi zilikuwa zimepotea hadi filamu zake zikakutwa Jos, Nigeria, zikatangazwa Oktoba 2013. Troughton anaigiza watu wawili humo, Daktari na dikteta Salamander. Maandishi ya Kiingereza chini ya picha yapo kwenye diski, yawashe kwenye menyu. Hata hiyo ya katuni yaangalie, mzee asome wakati wewe unasikiliza.

Chizi_wa_Sayari:

Na mkimaliza, Gatwa.