Tupeane uzoefu: mliokaa jirani na kiwanda, ilikuwaje?

Fundi Bati: Wakuu, leo nimepanda paa la mteja, nimekuta bati limeganda ukoko wa vumbi la saruji, nyundo inadunda. Nimekumbuka kwetu. Nguo tukianika asubuhi, saa nne zote za kijivu. Waliopitia haya tupeane uzoefu.

Pongwe Moja: Umenigusa mkuu. Embe bila kuosha hulitii mdomoni.

Mama Zawadi: Kwangu ilikuwa betri. Nyuma ya nyumba tuliyopanga walikuwa wanayeyusha betri chakavu za magari kupata madini ya risasi. Wanawasha usiku, moshi unashuka mzito, koo linawaka. Mwanangu wa pili alishaanza kuongea vizuri. Mara tumbo linamkata, choo hapati, maneno yakaanza kumpotea. Zahanati wanampa dawa ya minyoo tu. Siku aliyoshikwa na degedege mwili wa baridi kabisa, nilimbeba nikilia njia nzima. Daktari akauliza baba yake anafanya kazi wapi. Nikamwambia hapo hapo kwenye betri. Baba yake alikuwa anarudi na ovaroli lake kila jioni, anampakata mtoto kabla ya kuoga. Walipompima damu, risasi ilikuwa juu sana. Sasa yuko darasa la nne, kusoma bado kunamtesa.

Jogoo: Pole dada. Mpe maziwa kwa wingi, yanakata sumu.

Nesi Mstaafu: Jogoo usipotoshe watu! Maziwa hayatoi risasi kwenye damu. Mtoto anaondolewa kwanza kwenye chanzo, anapewa lishe yenye madini ya chuma na kalsiamu, akizidiwa kuna dawa za hospitali.

Jogoo: Mbona viwandani wazee wetu walikuwa wanagawiwa maziwa?

Nesi Mstaafu: Waligawiwa maziwa badala ya barakoa.

Kijana wa Keko: Kiwanda kikifungwa mtatulisha nyie? Siku hizi wameweka vichujio, bomba halitoi hata moshi.

Mwalimu Kemia: Kichujio kinanasa vumbi, hewa ukaa inapita. Jiwe la chokaa likichomwa kwenye tanuri ya saruji, nyuzi 1,450 hivi, lenyewe linaachia hewa ukaa. Zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya saruji inatoka kwenye jiwe, iliyobaki ndiyo ya makaa. Huioni kwa macho.

Pwani Kwetu: Mama Zawadi, mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa yalikuwa hayo hayo ya betri. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, rufaa ikaitengua, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Tunza kila karatasi ya vipimo.

Binti Mzigua: Ahame tu, kesi atazeeka nayo.

Pwani Kwetu: Akihama yeye, atapanga mwingine mwenye watoto.

Mama Zawadi: Tulishahama, asanteni. Nesi, mdogo wake alizaliwa kule kule. Kipimo cha risasi kwa hapa Dar nianzie hospitali gani?