Naomba ushauri: kiungulia cha mama hakijaisha baada ya wiki 8 za omeprazole (dawa ya kupunguza asidi tumboni)

Habari zenu ndugu, na shikamooni wakubwa. Mama ana miaka 58. Kiungulia kinampanda hadi kooni karibu kila usiku, asubuhi anaamka na uchachu mdomoni na sauti imekauka.

Ametumia omeprazole miligramu 20 kwa wiki 8. Wiki 4 za mwanzo aliimeza baada ya kula, kumbe inatakiwa nusu saa kabla ya chai ya asubuhi, tumerekebisha. Anakula saa 1 usiku, analala saa 4, na kitanda tumekiinua sentimita 15 upande wa kichwa kwa matofali (kurundika mito kunakunja tumbo tu). Diclofenac, dawa ya maumivu ya magoti, ameacha.

Kinachonitia hofu: wiki 2 hizi ugali unamkwama kifuani, na amepungua kilo 4. Hajatapika damu, choo si cheusi.

Je, kwa dalili hii ya kukwama, twende moja kwa moja kwenye kipimo cha kamera (inayopitishwa mdomoni hadi tumboni), au tuanze na kipimo cha choo cha H. pylori (bakteria wa tumboni)? Na kwa kuwa kipimo hicho cha choo kinataka omeprazole isimamishwe wiki 2 kabla, kiungulia kikimzidi katikati atumie nini?