Kutunza ISO kubwa na kuzipiga kwenye kompyuta nyingi: Ventoy, Clonezilla au waya wa mtandao?

Mwl_Kasulu: Wakuu habari za jioni. Niko Kasulu, nimekabidhiwa maabara ya kompyuta ya shule, mashine 22. Deskitopu 16 ni aina moja kabisa maana zilikuja pamoja, sita zilizobaki ni za mtumba kila moja na kampuni yake. Zile 16 zinabeba Windows 11 bila shida, hizo sita nataka Linux Mint, ule mfumo endeshi wa bure. Tabu ni haya mafaili yenyewe ya ISO, yaani faili moja lenye mfumo mzima wa kuinstoli. ISO ya Windows 11 ni zaidi ya GB 5, unaishusha kwa bando la usiku, umeme ukikata asubuhi unakuta imeishia njiani, kwahiyo nikishaipata sitaki kuitafuta tena. Mnatunzaje na mnapigaje mashine nyingi?

fundi_mwanga: DVD sahau mwalimu, ile ya kawaida ni GB 4.7, haiingii. Rufus, programu ya kuweka ISO kwenye flashi, nzuri ila flashi moja ISO moja, ukitaka nyingine unafuta. Mimi ni Ventoy tu, programu inayofanya flashi moja ibebe ISO nyingi. Unaiweka mara moja kwenye flashi, hapo inafuta kila kitu so toa vitu vyako kwanza, baada ya hapo ISO unazikopi kama unavyokopi nyimbo, ukibuti inaleta menyu unachagua Windows au Mint. Na usifomati FAT32, mpangilio wa zamani wa diski, haipokei faili linalofika GB 4, ndo maana unaona mtu ana flashi ya GB 32 tupu kabisa inamwambia faili kubwa mno. Ventoy yenyewe inaweka exFAT, mpangilio unaopokea faili kubwa. Mashine yenye Secure Boot, ile kinga inayozuia kubuti kitu isichokitambua, mara ya kwanza italeta skrini ya bluu, usiogope, chagua kusajili ufunguo kutoka kwenye diski, faili linaitwa ENROLL_THIS_KEY_IN_MOKMANAGER.cer, basi imeisha.

MnyamweziWaKompyuta: Kwa hizo sita sawa, kwa 16 zinazofanana nakataa. Kupiga Windows si kazi, kazi inakuja baada ya hapo, drayva, programu za ofisi, printa, akaunti za wanafunzi, uyarudie yote hayo mashine 16? Andaa moja ikamilike, zima BitLocker, ile ya Windows inayofunga diski kwa siri, maana ikiwa imewaka Clonezilla (programu ya kunakili diski kuwa faili la imeji) haioni kilichomo inakopi diski nzima nzima, halafu piga sysprep, zana ya Windows yenyewe, na generalize ili kila mashine ikiwaka ijione mpya. Clonezilla inachukua sehemu zenye data tu na inabana, diski ya GB 500 iliyotumika GB 30 imeji yake inakuwa ndogo tu. Sharti lake diski unayoshushia isiwe ndogo kuliko uliyotolea.

Dada_Seva: Na Clonezilla ina toleo la seva, mashine zote 16 zinabuti kwa PXE, yaani kupitia waya wa mtandao, na zinapokea imeji ileile kwa pamoja. Swichi ya Mbps 100 inapitisha kama MB 12 kwa sekunde, imeji ya GB 20 ni nusu saa hivi, na ni nusu saa kwa zote sio kwa moja. Ya gigabiti ndo raha zaidi. Ila chomoa ruta kwanza, seva na ruta zote zinagawa anwani za mtandao, DHCP mbili kwenye waya mmoja zitagombana.

fundi_mwanga: Dada hapo umesema kweli ila deskitopu hazina betri. Umeme ukikata dakika ya ishirini zote 16 zimebaki na diski nusu. Kwa diski ya ekstenali ukienda moja moja inaharibika moja tu.

Dada_Seva: Zikibaki nusu unarudia, imeji ipo salama kwenye seva. Seva iweke kwenye UPS, hizo nyingine si lazima.

Mwl_Kasulu: Nimeelewa, swichi yetu ni ya gigabiti nitajaribu hiyo. Sasa kutunza?

kaka_urambo: ISO ikishashuka kitu cha kwanza ni hash, alama ya faili inayobadilika faili likiharibika hata kidogo. Fungua CMD uandike `certutil -hashfile win11.iso SHA256`, linganisha na ile ya kwenye tovuti yao, ikipishana hata herufi moja usiipige popote. Hash iandike kwenye faili la maandishi kando ya ISO, na weka nakala mbili sehemu mbili. Flashi zile za TB 1 za bei ya kutupa ukikutana nazo zipime kwa H2testw, nyingi zinadanganya ukubwa, unakopi vizuri kisha faili haifunguki. Mint chukua kwa torenti, umeme ukirudi inaendelea ilipoishia. Linki ya Windows ukiitoa kwa Microsoft inakufa baada ya saa 24, hapo ndo wengi wanapigwa na bando la usiku.

MnyamweziWaKompyuta: Mwalimu ISO zote mbili ninazo hapa Tabora na hash zake. Kama kuna mtu anapanda treni kurudi Kigoma mpe ekstenali apitie kwangu, nitakopi.

Mwl_Kasulu: Yupo mwenzangu yuko huko kwenye semina, anarudi wiki ijayo. Nakucheki inboksi.

kaka_urambo: Ikifika piga certutil tena kabla hujaanza.