Vioo vinabaki na michirizi hata nikifuta mara tatu, nakosea wapi?

Subira_77
Wakuu habari zenu. Baridi ndo imeisha, jua limeanza kuingia ndani vizuri na hapo ndo nimegundua kumbe miezi yote hii nilikuwa naangalia nje kupitia uchafu 😂 Jumamosi nikasema leo ni leo, nikachukua ndoo, nikamimina sabuni ya vyombo ya kutosha maana vilikuwa vichafu kweli, nikaosha saa saba mchana jua linawaka, nikafuta kwa taulo, narudi ndani naangalia hivi, michirizi mitupu. Nikarudia. Ikazidi. Mara ya tatu nikaacha maana bega lilishaanza kulalamika.

Halafu kuna mengine. Dirisha la jikoni la kusukuma limekuwa zito mpaka nitumie mikono miwili, la bafuni lina madoa meupe meupe sabuni haiyagusi, na la sebuleni ndo linanichanganya kabisa, ni lile la vioo viwili pamoja, lina ukungu ambao nikifuta upande wa ndani upo, nikifuta upande wa nje upo. Nisaidieni jamani.

FundiVioo
Dada Subira jibu umelitoa mwenyewe bila kujua: saa saba mchana, sabuni ya kutosha, taulo. Kioo kikiwa cha moto maji yanakauka kabla hujayafuta, sabuni inabaki pale pale, na wewe ukirudia unaongeza sabuni juu ya sabuni. Osha asubuhi au jioni, au siku ya mawingu. Sabuni ni matone machache tu kwa ndoo nzima, ukiona povu limejaa ujue umezidisha. Taulo nalo linaacha manyoya, tafuta kitambaa cha maikrofaiba au fulana kuukuu ya pamba iliyofuliwa mara nyingi.

Ila kabla ya maji, na hapa ndo watu wengi wanaruka, pangusa vumbi kavu kwanza, kioo na fremu na pembe zote, kwa brashi. Vumbi na chavua za msimu huu zikikutana na maji zinakuwa tope, na mchanga ukiusugua na sponji unakwaruza kioo. Ukimaliza hapo ndo upake maji ya sabuni, uvute kwa ule mpira wa kufutia vioo wenye mpini kuanzia juu, kila mstari uufunike kidogo uliotangulia, na kila ukivuta mara moja ufute mpira wenyewe. Watu hawafuti mpira halafu wanalaumu kioo.

Na kitu kimoja kidogo kitakusaidia sana, ukimalizia na kitambaa, nje futa kwenda juu na chini, ndani futa kwenda kulia na kushoto. Mchirizi ukibaki unajua uko upande gani, hukimbii ndani nje ndani nje kama umetumwa.

MzeeWaNdoo
Mnahangaika bure. Gazeti na siki, basi. Sisi tumefuta hivyo tangu tukiwa watoto na vioo vilikuwa vinang'aa.

bintimakini
Shikamoo mzee, sibishi, ila gazeti lilinichafulia fremu nyeupe wino mpaka leo naona alama. Kwenye kioo chenyewe lilifuta vizuri tu.

Siki ndo dawa ya hayo madoa ya bafuni dada, ile ni chokaa ya maji yanayokauka kwenye kioo, na asidi ya siki inaiyeyusha. Changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kibandike kwenye doa kama dakika 10 halafu sugua taratibu. LAKINI kama chini ya dirisha una marumaru funika kwanza!! Mimi siki ilinidondokea pale, marumaru ikafifia papo hapo, haing'ai tena, asidi ile ile inayokula chokaa inakula na jiwe. Na usije ukachanganya siki na dawa ya klorini ya kuua kuvu, inatoa gesi ya sumu, na bafuni penyewe ndo padogo hivyo.

MzeeWaNdoo
Marahaba binti. Hilo la marumaru sikulijua.

FundiVioo
Hapo kaongea vizuri. Niongeze tu, siki ikishindwa kabisa na ukipitisha ukucha unasikia kioo kinakwaruza, basi kioo chenyewe kimeshaliwa, hilo si doa tena.

Sasa la jikoni. Usipake mafuta ya kupikia wala grisi kwenye reli, italainika wiki moja halafu vumbi linanasa humo inakuwa gundi. Vuta uchafu na vakyum, sugua na mswaki mkuukuu, futa, iache ikauke kabisa, kisha puliza kidogo silikoni ya kulainisha, ile ya kopo la kupuliza. Na ukiwa hapo angalia chini ya fremu upande wa nje kuna vitundu vidogo, vile ni vya kutolea maji ya mvua, vikiziba maji yanajaa kwenye reli na baadaye yanamwagika ndani. Zibua na kijiti. Watu wengine wanaviziba na silikoni ya kuzibia wakidhani ni makosa ya fundi 🙄

La sebuleni usilisugue tena. Huo ukungu uko KATI ya vioo viwili, maana yake mpira wa pembeni umeachia na unyevu umeingia, hakuna kitambaa kitakachofika huko. Mara nyingi wanabadilisha vile vioo tu, fremu inabaki, kwa hiyo atakayekwambia ung'oe dirisha zima muulize kwanza kwa nini.

Subira_77
Wakuu nimerudi. Leo asubuhi nimefanya la chumbani kwa matone matatu tu ya sabuni, mchirizi mmoja tu umebaki na umelala kulia kushoto kwa hiyo ni wa ndani 😂 Jikoni kwenye vile vitundu nimetoa tope jeusi na nyuki mkavu. Linasukumika kwa kidole sasa. Bafuni nasubiri kesho, nyumba nzima inanuka kama kachumbari.

bintimakini
Fungua dirisha dada, si linasukumika sasa 😅