Frankenstein ya kununua: matini ya 1818 au ya 1831?

Nahodha wa Tanga (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Mimi na dada yangu tulikubaliana kusoma Frankenstein ya Mary Shelley pamoja, yeye akiwa Nairobi na mimi huku Tanga, halafu kila Jumapili tunapigiana simu kuzungumza tulipofikia. Jumapili ya kwanza tu tukabishana. Mimi nikasema huyu Elizabeth, mchumba wa Victor Frankenstein, yule kijana anayeumba kiumbe hai, ni mtoto wa kulelewa, alikutwa kwa familia ya wakulima maskini karibu na Ziwa Como, baba yake alikuwa mtu mkubwa wa Milan. Dada akasema hapana, Elizabeth ni binti wa shangazi yake Victor. Mama kafariki, baba akamwandikia mjomba wa mtoto amchukue amlee. Kila mmoja akaona mwenzake kasoma huku anasinzia. Nikamwambia apige picha ukurasa wake anitumie, nami nikampigia wangu. Kumbe wote tulisema kweli. Jina la kitabu moja, mwandishi mmoja, Elizabeth wawili.

Sasa tunaanzisha kikundi cha watu sita, na sitaki jambo hili litukute tena. Tununue toleo lipi? Fedha si nyingi, na wengi wetu Kiingereza chetu ni cha shuleni, kwa hiyo tunahitaji tanbihi za kutusaidia. Naombeni ushauri wa mtu aliyeshika haya matoleo mkononi.

Mwalimu wa Jioni

Nahodha, umegusa penyewe. Watu wengi huuliza kwanza mchapishaji gani, jalada gani, bei gani. Kwa riwaya hii swali la kwanza ni matini ya mwaka gani.

Kitabu kilitoka London tarehe 1 Januari 1818, juzuu tatu, nakala 500, bila jina la mwandishi. Dibaji iliandikwa na mume wake, Percy Shelley, na kitabu kikatabarukiwa kwa William Godwin, baba yake Mary, kwa hiyo wasomaji kadhaa wakadhani mwandishi ni Percy. Mwaka 1823 Godwin akasimamia toleo la juzuu mbili, safari hii jina la Mary likiwapo, kwa sababu mchezo wa jukwaani uliotokana na hadithi hiyo ulikuwa umevuta watu. Halafu mwaka 1831 Colburn na Bentley wakakiingiza katika mfululizo wao wa riwaya za bei nafuu, juzuu moja. Wachapishaji hao walitaka waandishi wao warekebishe kazi za zamani ili wao wapate hakimiliki mpya. Mary akaandika utangulizi mrefu, na akaipitia hadithi yote kwa kalamu.

Ukiwa dukani, fanya hivi. Fungua orodha ya yaliyomo. Ukikuta juzuu tatu, na hesabu ya sura inaanza upya katika kila juzuu (7, halafu 9, halafu 7), hiyo ni 1818. Ukikuta sura zinakwenda mfululizo mpaka 24, hiyo ni 1831. Usitegemee ule utangulizi wa Mary wenye tarehe ya Oktoba 15, 1831, maana matoleo mengi ya matini ya 1818 huuweka nyuma kama kiambatisho, na mtu akiuona anadhani ameshika matini nyingine. Kama kuna wasiwasi, tafuta Elizabeth. Akiwa binamu ni 1818, akiwa wa kulelewa ni 1831. Dada yako ana ya kwanza, wewe una ya pili.

Binti Shungi

Asante mwalimu, ila ngoja nimsemee Nahodha kabla hajaona kakosea kununua. Mimi nasoma ya 1831 na nitaendelea kuisoma.

Mary alianza hadithi hii Juni 1816 karibu na Geneva, akiwa na miaka 18. Alipoirudia mwaka 1831 alikuwa na miaka 34. Katikati hapo alikuwa amezika. Binti yake wa kwanza alikuwa ameshafariki mwaka 1815, kabla hata hajaanza kuandika. Clara akafariki Venice mwaka 1818. William akafariki Roma mwaka 1819. Na Julai 1822 mume akazama baharini. Sasa kumbukeni mtoto wa kwanza anayeuawa katika riwaya anaitwa nani. William. Alilitia jina hilo kitabuni mwanawe akiwa mzima. Ile miaka ya kurekebisha, kila mara alipofika kwenye ukurasa huo alikuwa anausoma kama mama aliyekwishamzika William wake. Mtu akiniambia matini hiyo ni duni kwa kuwa ni ya baadaye, siwezi kukubali. Ni neno la mwisho la mwandishi mwenyewe.

Na ule utangulizi ni hazina. Humo ndimo anaposimulia mvua ya Geneva, mashindano ya hadithi za kutisha kati yake, Percy, mshairi Byron na daktari Polidori, na usiku alipofumba macho akamwona mwanafunzi amepiga magoti kando ya kitu alichokiunganisha.

Toleo langu ni la Penguin Classics, mhariri Maurice Hindle. Nyuma kaweka orodha ya tofauti kati ya 1818 na 1831, kaweka na kipande cha Byron na hadithi ya Polidori ya mnyonya damu, yaani matunda mengine ya mashindano yale yale. Kwa bei ya kitabu kimoja umepata meza nzima ya Geneva.

Mzee wa Rafu

Dada Binti Shungi, umesema kwa uchungu na nimekusikia. Mimi bado namshauri Nahodha achukue 1818, na nitaeleza kwa nini.

Tazama hatia ya Victor. Katika 1818 kijana huyu anachagua. Anasoma vitabu vibovu, baba anavidharau bila kumweleza sababu, naye anaendelea kwa kiburi chake. Kila hatua ungeweza kumshika mkono ukamwambia simama hapo. Katika 1831 Mary anaongeza maneno ya majaliwa. Mwishoni mwa sura ya pili Victor anasema majaliwa yalikuwa na nguvu kupita kiasi, na sheria zake zisizobadilika zilikwishaamua aangamie. Hapo lawama inapungua uzito. Kiumbe aliyetupwa na aliyemuumba anaachwa bila wa kumdai. Mimi nataka nimdai Victor.

Tazama na radi iliyopasua mti wa mwaloni. Katika 1818 anayemweleza umeme ni baba yake, tena anamtengenezea mashine ndogo na tiara ya kuvuta umeme kutoka mawinguni. Katika 1831 anayeeleza ni mgeni msomi aliyekuwapo. Baba ametolewa kwenye sayansi. Jambo dogo, lakini nyumba ya akina Frankenstein inakuwa nyumba nyingine.

Halafu zile juzuu tatu. Juzuu ya pili inafunguka Justine, mtumishi wa nyumba aliyesingiziwa kumuua William, akiwa amekwishanyongwa na inafungwa Victor akiwa amekubali kumuumbia kiumbe mwenzi. Katikati yake kabisa ndipo kiumbe anaposema mwenyewe: kibanda cha wakulima, tundu la ukutani, mkoba wa ngozi wenye vitabu. Simulizi imewekwa ndani ya simulizi, na umbo la kitabu linakuonyesha hilo. Sura 24 za mfululizo zinalifunika.

Toleo: Oxford World's Classics lenye matini ya 1818. Lipo la Marilyn Butler, ambalo utangulizi wake unaieleza vizuri mno mabishano ya wakati ule kati ya madaktari John Abernethy na William Lawrence juu ya uhai ni nini. Na lipo la Nick Groom la mwaka 2018. Lakini angalia: Oxford hao hao waliwahi kutoa pia la M. K. Joseph, na hilo ni 1831. Penguin nao, mbali na la Hindle, walitoa mwaka 2018 toleo la matini ya 1818 lenye utangulizi wa Charlotte Gordon. Jina la mfululizo halitoshi. Soma ukurasa wa ndani.

Asha wa Muscat

Naongeza kitu kimoja ambacho sijaona kikitajwa, nacho ndicho kilichonifanya ninunue zote mbili.

Henry Clerval, rafiki yake Victor. Katika 1818 anasoma Kiajemi, Kiarabu na lugha nyingine za mashariki kwa kupenda fasihi yake tu. Katika 1831 anataka kwenda India, na imeandikwa wazi kwamba anaamini ujuzi wake wa lugha utasaidia kusukuma mbele ukoloni na biashara ya Ulaya. Nilisoma mstari ule nikafunga kitabu kwa muda. Clerval ndiye mtu mwema kuliko wote katika hadithi, na Mary hakumwandikia hivyo kama aibu. Sisi tuliokulia pande hizi za Bahari ya Hindi mstari huo unatuhusu, na msomaji wa 1818 hataukuta isipokuwa mhariri kamwekea tofauti nyuma.

Kwa kikundi ningesema Broadview, wahariri D. L. Macdonald na Kathleen Scherf. Matini ya 1818, na kiambatisho kinaonyesha mabadiliko ya 1831, kwa hiyo mtaujadili na mstari huo wa Clerval.

Fundi Jalada

Mimi kazi yangu ni kufunga vitabu, nitasema ya mikono.

Kwanza tanbihi ziko wapi. Penguin na Oxford wameziweka nyuma. Unakuta nyota au namba, unafunua kurasa mia mbili, unarudi, uzi umekatika. Norton Critical Edition, mhariri J. Paul Hunter, na hao Broadview wameziweka chini ya ukurasa ule ule. Kwa msomaji wa Kiingereza cha shule, ambaye atakwama kila ukurasa mara mbili tatu, hiyo ni tofauti kubwa kuliko ya mhariri. Norton ni 1818 pia, na nyuma ina mapitio ya zamani na makala za wahakiki, ila ni nzito.

Pili, epukeni zile nakala zinazochapwa moja moja mtu anapoagiza, zisizo na jina la mhariri. Mteja aliniletea moja nimwekee jalada gumu. Hakuna mahali palipoandikwa ni matini ya mwaka gani. Barua za Walton, yule msafiri ambaye barua zake zinafungua hadithi, zilikuwa zimebanwa aya zote kuwa moja, ukingo wa ndani mwembamba kiasi kwamba nikishona nameza herufi za mwanzo wa kila mstari. Nilimrudishia. Hakikuwa na pa kupitisha sindano.

Tatu, sisi wa pwani tujue gundi. Jalada jepesi la gundi tupu likikaa kwenye joto na unyevu, mgongo unakauka na kupasuka katikati ya kitabu. Usikifungue kwa kukikunja nyuma. Kilaze mezani, fungua kurasa chache za mwanzo, chache za mwisho, ukisogea katikati polepole, ukipitisha kidole kwenye mkunjo. Kitakaa miaka.

Mwenye fedha na anayependa picha, atafute ya mwaka 1934 yenye michoro ya Lynd Ward iliyochongwa kwenye mbao, au ya Bernie Wrightson ya mwaka 1983, ambayo alihangaika nayo kwa kalamu na wino takriban miaka saba. Hizo ni za kutazama taratibu. Za kikundi siyo.

Kijana wa Maabara

Kama kuna wanasayansi kwenye kikundi, MIT Press walitoa mwaka 2017 toleo lenye tanbihi za watu wa sayansi na uhandisi, matini ya 1818. Mimi nilifaidi.

Mwalimu wa Jioni

Na kwa yule anayetaka kujua mkono wa Percy uliingia wapi: Charles E. Robinson alihariri mswada wenyewe wa 1816 na 1817, ukatolewa na Maktaba ya Bodleian mwaka 2008. Maneno ya Percy yamechapwa kwa herufi za mlazo, halafu matini inarudiwa bila yeye. Robinson alihesabu kama maneno 4,000 hadi 5,000 ya Percy katika riwaya ya maneno kama 72,000. Kinamaliza ubishi wa kwamba binti wa miaka 18 hakuweza. Ila kisiwe cha kwanza kusoma.

Nahodha wa Tanga

Wakuu, nawashukuru sana. Nimezungumza na dada. Tumeamua 1818 kwa kikundi. Watatu watachukua Oxford kwa sababu ya bei, na sisi wengine tutatafuta Broadview au Norton iliyotumika ili tanbihi za chini tuwasomee wenzetu kwa sauti. Kurasa hazitalingana, kwa hiyo tutatajiana juzuu na sura badala ya ukurasa. Usiku wa kuumbwa kiumbe, kwa mfano, ni juzuu ya kwanza, sura ya nne. Yangu ya 1831 naibakiza, siku ya Clerval nitaileta mezani.

Swali moja limebaki. Utangulizi wa Mary tuusome kabla au baada?

Binti Shungi

Baada. Usomwe kwa sauti, na asome mtu mmoja tu mpaka mwisho. Mle ndani Mary anasema hakubadilisha sehemu yoyote ya hadithi. Mkiwa mmemjua Elizabeth binamu, na wewe ukiwa umemshika Elizabeth wa Ziwa Como mkononi, mtausikia mstari huo vingine kabisa.

Mwalimu wa Jioni

Naungana naye. Halafu njoo utuambie kikundi kilisema nini.