Mrejesho: Majibu ya JSON yanayobadilika umbo

Ndugu zangu, wiki iliyopita niliuliza kwa nini hoja yangu (query) ya PostgreSQL, programu ya hifadhidata, hukwama inaposoma majibu ya JSON (data iliyoandikwa kwa funguo na thamani zake) ya huduma ya malipo tunayoitumia hapa Moshi kwa wakulima wa kahawa: aliyelipwa zaidi ya mara moja hurudishiwa orodha, aliyelipwa mara moja hurudishiwa kitu kimoja kisicho ndani ya orodha, na ambaye hajalipwa hukosa kabisa ufunguo wa "malipo".

Nilifuata ushauri wenu wa kupima umbo kwa jsonb_typeof (inayotaja aina ya data) ndani ya CASE (inayochagua jibu kwa masharti): likiwa 'array' linapita lilivyo, likiwa 'object' nalifunga ndani ya orodha kwa jsonb_build_array, na vinginevyo naweka '[]', yaani orodha tupu. Awali nilizembea nikaacha ELSE (tawi la "vinginevyo") ifunge kila kilichobaki, uzembe ulionila jioni nzima, kwa kuwa ufunguo usiokuwepo hutoa NULL (hakuna thamani), nayo jsonb_build_array ikipewa NULL hurudisha [null], hivyo kila ambaye hajalipwa alipata mstari wa malipo hewa katika ripoti. Sasa LEFT JOIN LATERAL yenye ON true (inayounganisha kila mkulima na malipo yake, hata kama hana) inawabakiza wakulima hao bila kuwazulia malipo.

Kiasi nacho huja mara kama namba, mara kama maandishi; ->> (inayotoa thamani kama maandishi) ikifuatwa na ::numeric (inayoyageuza kuwa namba) inasoma vyote viwili. Asanteni sana.