Mbona wahusika wangu wakizungumza hadithi inaboa?

Kijana wa Kisauni: Jamani naomba msaada. Naandika hadithi fupi, mume karudi usiku wa manane, mke anamuuliza "Ulikuwa wapi?" naye anajibu "Nilikuwa Mtwapa kwa rafiki yangu, tukacheza bao, matatu zikakosekana." Kila swali na jibu lake kamili, na kila anayesoma aniambia imekauka. Sasa si Grice, yule mwanafalsafa wa lugha, alisema watu wakizungumza wanashirikiana? Shida iko wapi?

Mwalimu wa Fasihi: Grice alieleza kanuni nne za mazungumzo kwenye mihadhara yake Chuo Kikuu cha Harvard 1967, zikachapishwa 1975: sema kiasi kinachotakiwa, sema kweli, usitoke nje ya mada, uwe wazi. Lakini hakusema watu wazitii kila saa. Utamu uko pale mtu anapovunja kanuni mchana kweupe na mwenzake, kwa vile anaamini bado wanaelewana, anatafuta alichokusudia. Jaribu hivi:
"Ulikuwa wapi?"
"Kuna chakula?"
Basi, usiongeze neno. Mke ashajua, na msomaji ashajua.

Bi Majengo: Kweli kabisa mwalimu, ila na mke naye asikae bure, mpe leso! Asubuhi ajifunge leso yenye jina la kumchoma mume, huku anammiminia chai na kumwambia karibu baba fulani kwa adabu zote, mdomo wasema hili leso yasema lile. Na tafadhali mwanangu usiandike "alisema kwa hasira", utaharibu kila kitu.

Kijana wa Kisauni: Shukran sana Bi. Na nikitaka mume adanganye je?

Mwalimu wa Fasihi: Hiyo ni nyingine, na Grice mwenyewe aliitenga: kuvunja kanuni waziwazi ili mwenzako ang'amue, na kuivunja kimyakimya ili umpoteze. Kwenye hadithi lakini kuna msikilizaji wa pili, yaani msomaji, na yeye lazima umtangulize. Aone kwanza shati linanukia udi, ndipo mume aseme alikuwa bandarini zamu ya usiku, na aseme mengi kuliko alivyoulizwa, amtaje msimamizi, foleni ya feri, mvua. Maelezo yakizidi swali, msomaji anaanza kushuku.

Bi Majengo: Na mke asimhoji. Amwambie tu "pole na kazi". Ukishaandika tuwekee hapa tuisome.